Baba alikataa kuhojiwa, akakubali kumsahihisha muigizaji

Mi kazi yangu ni kushuti harusi. Harusi, sendofu, kicheni pati, mahafali, saa zingine hadi arobaini, Tanga mjini, Muheza, Pangani, popote watakaponilipia nauli. Kazi hii inakufundisha kitu kimoja mapema sana, kwamba mtu akishaona kamera inamwangalia hayupo tena, kamtuma mtu mwingine akae badala yake. Shangazi yako aliyekuwa anapiga kelele jikoni toka alfajiri, msogelee na kamera uone, anavuta ushungi, anashusha sauti, anaongea kama anasoma taarifa ya habari, "Nachukua fursa hii kuwashukuru wote waliofanikisha." Zima kamera. "We, nani kachukua mwiko wangu?" Na huyo wa mwiko ndo nnayemtaka mimi, ila hakuna mtu anayenilipa kumrekodi huyo.

Naandika haya kwa sababu tangu tuioneshe ile filamu ya nyumbani kwetu watu hawaachi kuniuliza, ni ya kweli au ni maigizo? Ni vyote viwili, na nikijibu hivyo wanaona nawazungusha, basi ngoja nieleze tulivyofanya na nilichojifunza, anayetaka kujaribu na familia yake achukue kinachomfaa.

Mzee wangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja hapahapa Tanga. Wenyeji mnajua mji huu ulivyokuwa na viwanda na mnajua miaka ya 90 vilivyofungwa, maneno yalikuwa ni ubinafsishaji, kupunguzwa, kiinua mgongo, foleni za kufuatilia mafao. Baba alipunguzwa mi nikiwa shule ya msingi. Ila asubuhi aliendelea kutoka. Anaoga, anavaa ovaroli, anachukua hotipoti yake, anaaga, anaondoka, jioni anarudi saa ileile aliyokuwa anarudi zamani. Kwa muda gani hakuna anayesema. Sisi watoto tulikuja kujua ukubwani, tena kwa watu wa nje, na pale nyumbani hiyo stori ilikuwa haigusiki. Hakuna aliyekataza, haikuguswa tu.

Nilipomwambia baba nataka kumhoji kuhusu kipindi kile akaniangalia juu ya miwani. "Unihoji mimi? Kwani nimeiba?" Ikaishia hapo. Na kusema kweli hata angekubali najua ningepata nini, ningepata mtu wa kushukuru waliofanikisha.

Sasa rafiki yangu mmoja wa Dar akanitumia filamu, Les filles d'Olfa, ya dairekta Kaouther Ben Hania wa Tunisia, imetoka 2023. Kuna mama anaitwa Olfa Hamrouni, ana mabinti wanne, wakubwa wawili, Ghofrane na Rahma, waliondoka nyumbani wakaenda Libya kujiunga na Daesh, lile kundi la Islamic State, wakabaki wadogo, Eya na Tayssir. Dairekta kafanya hivi: wale wawili waliokwenda kawatafutia waigizaji, wanaishi mle kwenye filamu pamoja na wadogo zao wa kweli, na mama naye kawekewa muigizaji, Hend Sabri, staa mkubwa wa kule, wa kumchezea zile sehemu ambazo mwenyewe zingemshinda. Ila Olfa hajaambiwa akapumzike nyumbani, yupo palepale pembeni anaangalia. Kuna sini ya usiku wa harusi yake, ndugu wanasubiri shuka nje, na Olfa anaingilia kati kabisa anawaelekeza waigizaji, anawaonesha alivyompiga mumewe mpaka damu ikamtoka na damu hiyohiyo ndo akaipaka kwenye shuka akawatolea waliokuwa wanasubiri. Anaeleza kama anaelekeza mtu njia ya sokoni. Nikaisimamisha pale nikairudisha nyuma nikaangalia tena. Huyu mama hahojiwi, anasahihisha. Mtu anamcheza vibaya na yeye hawezi kukaa kimya.

Nikasema baba nimempata.

Muigizaji nilimtoa kwenye kikundi cha sanaa hapa mjini, wale wanaozunguka mashuleni na maigizo ya afya. Kijana mzuri tu, umri karibu sawa na aliokuwa nao baba wakati ule, ila kachezea jukwaa miaka mingi kwa hiyo kila kitu kwake ni kikubwa, akihuzunika hata aliye Pongwe anajua kahuzunika. Nilimleta nyumbani, akasalimia vizuri, shikamoo mzee, marahaba kijana, baba akarudi zake barazani kwenye gazeti akijifanya mambo yetu hayamhusu. Mjumbe nilikuwa nishamwambia, karatasi za kibali nimeshughulikia, mama kakubali kujicheza mwenyewe kwa sharti kwamba hatovaa nguo za zamani maana hazimtoshi.

Sini ya kwanza ilikuwa nyepesi, baba anarudi "kazini", anapewa chai. Kijana akaingia, akaegemea ukuta, akaweka mkono shavuni, akashusha pumzi moja hiyo ndeeefu ya Bongo muvi. Nikasikia huko barazani:

"Haegemei hivyo."

"Nani haegemei, baba?"

"Fundi. Fundi haegemei ukuta na ovaroli, ukuta una chokaa ule, mama yako atamuua."

Mama akacheka, kijana akacheka, mi nikamuashiria wa maiki asizime. Baba akakunja gazeti akaja ndani. Akamshika kijana mkono akamkalisha kwenye kigoda, siyo kwenye kochi, kigoda cha mlangoni, akamwambia fundi akirudi anakaa hapa mpaka anawe, na kikombe hakishiki hivi, anakishika hivi, akakishika kwa ncha za vidole, kwa sababu grisi ikishaingia kwenye mistari ya vidole haitoki kwa sabuni, na mke wako ana vikombe vyake vyeupe vya harusi hutaki kumtia alama. Mi nina miaka yangu yote namuona baba anashika kikombe kwa ncha za vidole. Nilidhani ni maringo.

Akatoka, nikajua kachoka. Akarudi na ovaroli. Kumbe ipo! Ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, imekunjwa vizuri inanuka naftalini, kifungo cha juu hakipo kuna pini. Akampa kijana avae, ikamkaa, akamzunguka kumkagua halafu akamtoa kalamu mfukoni. "Fundi kalamu anaweka huku."

Hapo ndo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulipata kwenye harusi zote nilizoshuti. Ukimuuliza mtu "ilikuwaje?" anakwenda kutafuta jibu la kukupa wewe. Ukimuonesha ilivyokuwa, tena uioneshe kwa makosa kidogo, anasahau kama wewe upo, anashughulika na lile kosa. Tukaanza kumtumia hivyo, mi na yule kijana tukakubaliana kimyakimya, kuna vitu avikosee makusudi. Akabeba hotipoti kwa mkono wa kulia, baba akasema hapana, kulia ni mkono wa kusalimia watu njiani. Akatoka nyumbani moja kwa moja barabarani, baba akasema hapana, unapita kwanza dukani kwa jirani unasimama kidogo, aone umevaa kikazi. Akanyamaza baada ya hiyo. Nadhani alijisikia mwenyewe anachokisema. Lakini kesho yake alikuwepo barazani kabla hatujafika na vifaa.

Kuna dada wa Morocco, Asmae El Moudir, yeye alitumia njia nyingine na mwaka huohuo 2023 kwenye tamasha la filamu la Cannes alipewa tuzo ya filamu ya dokumentari pamoja na huyo wa Tunisia, walishea. Kwao hakukuwa na picha za utotoni, bibi yake hakutaka picha ndani ya nyumba, basi akajenga mtaa mzima wa Casablanca kwa vijumba vidogo na vinyago vya watu, na aliyemjengea ni baba yake mzazi. Nikaelewa kwa nini. Mzee ambaye hawezi kukaa akaongea anaweza kukaa akatengeneza kitu na wakati mikono ina kazi mdomo unafunguka wenyewe. Wa kwangu mikono yake ilikuwa na kazi ya kumrekebisha yule kijana kola.

Sauti ilitutesa. Nyumba zetu za bati, masika ya Tanga, unajua mwenyewe. Bibi alitakiwa awe anachoma vitumbua alfajiri, picha imetoka nzuri sana, moshi, moto wa mkaa, mikono yake, ila mvua imeanza kupiga bati na sauti yote imekwenda, kwenye hedifoni unasikia shaaa tu mwanzo mwisho. Bibi hawezi kurudia, magoti. Nikakumbuka Jean Rouch, yule Mfaransa aliyeshuti vijana wa Niger waliokwenda kutafuta vibarua Abidjan, mtaa wa Treichville, Moi, un noir, ya 1958. Kamera yake haikuweza kuchukua picha na sauti kwa pamoja, kwa hiyo baadaye akamkalisha mhusika mwenyewe, Oumarou Ganda, mbele ya picha akamwacha aongee anachotaka. Jamaa akaongea, akajisifu, akajipa majina ya mastaa wa Marekani, akarudi hadi kwenye vita alivyopigana Indochina. Huyu Ganda baadaye akawa dairekta mwenyewe, 1972 akachukua tuzo kubwa ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou. Yaani mtu alianza kwa kuongelea picha yake.

Basi nikamuwekea bibi laptopu mapajani, nikamvalisha hedifoni bila sauti yoyote ili tu aone ni kazi rasmi, nikamwambia bibi huyo ni wewe, tueleze anafanya nini. Akamwangalia bibi wa kwenye skrini muda mrefu. "Huyu unga wake mzito. Angalia, hauumuki huo. Mwambieni aongeze tui." Anamsema yule kama jirani! Tukacheka hadi mafundi wakatoka nje. Halafu katikati ya kucheka kwetu yeye akaendelea tu, sauti ileile, kwamba mwaka ule alikuwa analoweka mchele kilo mbili kisha akaanza kuloweka nne, na hapo nyumbani hakuna aliyemuuliza kwa nini vitumbua vimeongezeka. "Nikajisemea hawaulizi maana wanajua, na mimi siulizwi maana najua." Maneno hayo kwenye skripti yangu hayakuwepo wala nisingeweza kuyatunga. Ni sini ya vitumbua ambayo mvua iliniharibia na sasa ndo sini ambayo watu wanaitaja zaidi.

Sasa nije kwenye ovaroli na beseni.

Mi niliandika kwamba mama alikuwa hajui. Ndivyo tulivyoamini sote, baba alificha, mama hakujua, siku moja akajua. Sini ilikuwa hivi, Ijumaa jioni kijana anamkabidhi mama ovaroli, mama anailoweka, anauliza "kazini vipi?", kijana anajibu "kazi nyingi", basi. Tupo uani, mama na beseni lake na kipande cha sabuni ya mche, baba yupo nyuma yangu kashika kadibodi nyeupe tuliyokuwa tunarudishia mwanga, maana alishakuwa mtu wa taa huyo, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Mama akailoweka, akaanza kusugua, ikafika zamu yake ya kuongea hakuongea. Nikadhani kasahau. Nikamwambia mama, unauliza kazini vipi.

"Sikuuliza."

"Hukuuliza?"

"Niulize nini na maji meupe?"

Akayachota maji kwa kiganja akatuonesha, akamuonesha kijana hasa, akamweleza yeye. Kwamba ovaroli ya kiwandani ukiloweka maji yanakuwa meusi tii, unamwaga, unaweka mengine, unamwaga tena, mara ya tatu ndo unaanza kuona rangi ya nguo. Wiki ile kaloweka maji yamebaki vilevile. Akajua. Akafua, akaanika, akapiga pasi, Jumatatu akampa. "Na wiki iliyofuata nikafua tena. Ningefanyaje? Mtu kaamua kwenda kazini, umwambie usiende?"

Kijana wa watu kasimama hajui aigize nini. Mi sikugeuka nyuma, niliogopa kugeuka. Baba akasema kitu pale, akamwambia mama, siyo kirefu, mama akajibu bila kuinua kichwa, halafu baba akatuambia sisi, "Jua linahama, kama mnarudia rudieni sasa hivi."

Hatukurudia.

Kazi ngumu ikaanza baada ya hapo, na hii ndo sehemu ambayo naona watu wanaotaka kutengeneza filamu za namna hii hawaifikirii, wanafikiria kamera gani, lenzi gani. Filamu ikiisha waigizaji wa kawaida wanaagana, kila mtu anapanda daladala yake. Hawa wangu wanalala chumba kimoja. Nilichokirekodi ni kitu ambacho mume na mke walikuwa hawajaambiana miaka yote hiyo, na wameambiana mbele ya mtu wa maiki. Ninayo kwenye kadi. Ni mali yangu? Kisheria labda, walisaini karatasi. Lakini mi ni mtoto wao, kuna karatasi gani hapo.

Kuna filamu ya Iran naipenda na inanikera, Sib, ya Samira Makhmalbaf, ya 1998, alikuwa binti mdogo tu wa miaka 17 alipoishuti. Mzee mmoja Tehran alikuwa kawafungia ndani mabinti zake mapacha tangu wadogo, majirani wakaripoti ustawi wa jamii, habari ikatoka, na huyu dada akaenda na kamera ndani ya siku chache tu, familia ileile ikajicheza yenyewe, baba mwenyewe, mama mwenyewe, mapacha wenyewe. Kuna sehemu mtu wa ustawi wa jamii anamfungia mzee ndani ya nyumba yake na kumpa msumeno akate nondo za mlango mwenyewe. Ukiichukua kama picha tu, ni kubwa, huwezi kuisahau. Ila kila nikiiona najiuliza yule mzee alielewa kwamba anaadhibiwa, au alidhani anaigiza? Wengi wanaisifia sini hiyo. Mimi nisingeipiga. Mzee mwenye hatia au asiye na hatia, kama hajui anacheza nafasi gani kwenye stori yake basi hapo hachezi, anachezewa.

Kwa hiyo niliwakalisha mama na baba sebuleni, nikawaonesha sini ya beseni nzima, mara moja, bila kukata, nikatoka nje nikawaacha wenyewe. Nikarudi. Mama akasema mi sina tatizo, weka. Baba akasema picha iache, sauti yangu toa. Nikamuuliza sauti yako tu au na ya mama anapokujibu? Akafikiri. "Na ya kunijibu."

Na dawa ya hilo nilikuwa nayo tayari, kwa Abbas Kiarostami, Close-Up, ya 1990. Kule kulikuwa na jamaa asiye na kitu, Hossein Sabzian, alijifanya yeye ni dairekta maarufu Mohsen Makhmalbaf, akaingia kwa familia ya Ahankhah kama mtu anayetaka kuwachezesha filamu, wakamgundua, akakamatwa, akashtakiwa. Kiarostami akaingiza kamera mahakamani, kisha akawaomba wote, aliyedanganya na waliodanganywa, wayacheze tena yaliyotokea, kila mtu nafasi yake. Na mwisho Makhmalbaf wa kweli anakwenda kumpokea Sabzian anapotoka ndani, wanakumbatiana, wanapanda pikipiki, wanaongea, lakini sisi hatusikii vizuri, sauti inakata, inarudi, inakata, tunaambiwa maiki ni mbovu. Maiki ilikuwa nzima. Kiarostami aliamua tu kwamba mazungumzo yale siyo yetu.

Basi kwenye ya kwetu mama anachota maji, anaeleza, na baba akianza kuongea nyuma ya kamera sauti inakufa, unaona tu mama anasugua na midomo yake inasogea. Kuna mtu mmoja anayejua kazi aliniambia hilo ni kosa la kiufundi nilirekebishe. Nikamwambia asante kaka. Na wale mnaoniuliza inboksi baba alisema nini, siwaambii.

Hela. Lazima niseme hili maana ndo linavunja familia za watu. Kijana nilikuwa namlipa kwa siku, mtu wa maiki namlipa kwa siku, ndugu zangu mwanzoni wote wakasema aa sisi ni nyumbani. Usikubali maneno hayo. Ami aliona bahasha ya kijana, akanivuta pembeni, "Hivi anayelipwa ni anayejifanya baba yako, baba yako mwenyewe halipwi?" Na alikuwa sahihi kabisa. Nikawalipa wote posho sawasawa, bibi akapokea yake akaifunga kwenye ncha ya khanga bila kuhesabu. Na cha ajabu walipoanza kulipwa wakaanza kuja kwa wakati, na wakaanza kukataa pia, mtu anayelipwa ana uwezo wa kukwambia hii kazi hapana, ndugu anayekusaidia anaona haya.

Lingine ni la picha za zamani. Sisi hatuna video ya nyumbani, nani alikuwa na kamera Ngamiani miaka hiyo? Zipo picha za studio, nyingine zimeliwa na mchwa, basi. Sarah Polley wa Kanada alipotengeneza Stories We Tell, 2012, kuhusu mama yake aliyefariki yeye akiwa mtoto, mnaona vipande vya filamu ndogo za zamani za familia, mama anacheka, mpaka mwisho unakuja kugundua kwamba vingi vimechezwa na waigizaji, kamera ya zamani kweli ila watu wa sasa. Mimi nilijisikia kuibiwa, sitaficha, japo naelewa kwamba alitaka nijisikie hivyohivyo, maana filamu yenyewe ni kuhusu familia iliyoamini kitu kisichokuwa. Na kamera ya kanda ninayo mpaka leo, ile niliyoanzia harusi, ningeweza kumshuti kijana na ovaroli yake ukasema ni baba mwaka ule kabisa. Nikaamua hapana, kwa sababu ya majirani. Mtaa wetu unamjua baba. Nikaacha kamera imuone baba anaingia kumrekebisha kijana kola, wote wawili kwenye picha moja, mmoja na ovaroli mwingine na msuli, ili asiwepo wa kuuliza yupi ni yupi.

Nilijidanganya kwamba hiyo ingetosha! Tulionesha uani kwetu, shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima kwa watu wa harusi, majirani wamejaa hadi juu ya ukuta, na watu waliielewa habari ya baba vizuri sana, wazee kadhaa waliokuwa nao kiwandani walikuja kumpa mkono bila kusema kitu. Ila kulikuwa na shangazi. Shangazi kwenye skripti alikuwa na mstari mmoja tu, anakuja kuazima sukari. Siku ya kushuti akajiongeza, akakaa, akatoa stori ndefu ya hela ya kikoba aliyokopa akamkopesha baba kipindi kile na hadi leo hajarudishiwa, machozi hadi, sote tukapiga makofi. Tukamuuliza shangazi hiyo umeitoa wapi, akasema si mmesema tuigize.

Wenzake wa kikoba waliona. Asubuhi wakaja wawili wamejifunga khanga vizuri, wanataka kujua ni hela ipi hiyo, mbona kwenye daftari haipo. Nikawaeleza ni maigizo. "Na baba yako kupunguzwa ni maigizo?" Hapana, hiyo ni kweli. "Na bibi na vitumbua?" Kweli. "Kwa hiyo aliyeigiza ni shangazi yako peke yake?"

Mahamat-Saleh Haroun wa Chad aliliona hili mapema, kwenye Bye Bye Africa, 1999, anajicheza mwenyewe, dairekta anayerudi N'Djamena baada ya mama yake kufariki, na mle ndani kuna mwanamke aliyewahi kumchezea mgonjwa wa UKIMWI kwenye filamu ya nyuma, watu wakaamini anaumwa kweli, wakamtenga, na ndugu zake wakiwemo. Mle ndani ilimalizikia pabaya sana. Hili la kwetu ni la kikoba, nashukuru Mungu, lakini mambo ni yaleyale, ukichanganya kweli na tungo kwenye chungu kimoja hutaweza kumchagulia mlaji. Anayebeba lawama siyo wewe mwenye kamera, ni yule aliyejitokeza na sura yake na jina lake mtaani anamoishi. Siku hizi kabla sijaonesha kitu nje nawakalisha wahusika wenyewe kwanza, siyo kuuliza kama wameipenda, nawauliza kesho asubuhi ukienda sokoni utaambiwa nini.

Nilikwenda na shangazi kwa wenzake, nikawaeleza tena yeye akiwa pale, kwamba yale maneno aliyatunga. Wakaridhika, au walisema wameridhika. Kwenye kurudi nikamwambia shangazi, basi nitaikata hiyo sehemu, yaishe. Akasimama katikati ya barabara.

"Ukate nini?"

"Ya kikoba."

"Usikate. Kwanza baba yako kaiona?"

"Kaiona."

"Amesema siyo kweli?"

Nikajaribu kukumbuka. Baba siku ile alisahihisha kola, alisahihisha kigoda, akamsahihisha hata bibi idadi ya kilo za mchele. Hilo la kikoba hakuligusa.